Kwa nini mtoto mchanga hutazama nyuma ndani ya gari: kiti kilichochukua miaka hamsini kueleweka

Jamaa nyingi za Kivu zina watu wao Marekani, Canada na Ulaya. Picha zinafika kwa simu hadi Goma, Bukavu na Uvira, na hata kwenye kambi za Nyarugusu na Nakivale. Mtoto aliyezaliwa huko yumo ndani ya gari, amefungwa mikanda mabegani, kiunoni na katikati ya miguu, lakini uso wake umegeuzwa nyuma. Anaona kiti tu, haoni barabara. Mama yake amekaa mbele na hamuoni usoni. Nyanya aliyebaki huku anauliza: kwa nini mmemgeuza mtoto ukutani kama anayepewa adhabu? Na kwa nini mama yake asimpakate?

Swali la nyanya si la mtu asiyesoma. Wazazi wa Marekani na Ulaya waliliuliza hivyo hivyo kwa miaka mingi, wabunge wao waliligombania, na waganga wenyewe walibadilisha mashauri yao zaidi ya mara moja. Jibu lilianza kupatikana mwanzoni mwa miaka ya 1960, na hadi mwaka 2018 lilikuwa bado linarekebishwa. Historia hiyo inafaa kujulikana na jamaa zilizo na mtoto ng'ambo, na pia na zile ambazo leo zinasafiri na mtoto kwenye magari ya huku.

Kiti cha kumnyanyua mtoto aone nje

Viti vya kwanza vya watoto ndani ya gari havikuwa vya usalama. Katika miaka ya 1930, kampuni moja ya Marekani iitwayo Bunny Bear ilianza kuuza kiti cha kumnyanyua mtoto ili aone nje kupitia dirisha, na ili mzazi anayeendesha amuone bila kugeuka. Katika miaka ya 1940 na 1950 viliuzwa viti vya turubai vilivyofungwa kwenye fremu ya chuma na kutundikwa juu ya kiti cha mbele. Vingine viliwekewa usukani wa mchezo ili mtoto ajione dereva. Kazi yao ilikuwa kumtuliza mtoto asizungukezunguke. Gari likigonga, kiti na mtoto viliruka pamoja.

Wakati huo hata wakubwa hawakuwa na ulinzi wa maana. Mkanda tunaoujua leo, unaopita begani na kiunoni, ulibuniwa na mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo huko Sweden, ukawekwa kwenye magari mwaka 1959. Volvo iliruhusu kampuni nyingine kuutumia bila kulipa. Lakini mkanda huo ulipimwa kwa mwili wa mtu mzima. Kwa mtoto mdogo unapita shingoni na juu ya tumbo, mahali ambapo hakuna mfupa mgumu wa kuupokea.

Mwaka 1962 watu wawili, Jean Ames wa Uingereza na Leonard Rivkin wa mji wa Denver huko Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walibuni viti ambavyo kazi yake ya kwanza ilikuwa kumlinda mtoto katika ajali. Hapo fikra zilianza kugeuka. Lakini swali kubwa lilibaki: gari linaposimama ghafla, ni sehemu gani ya mwili wa mtoto ipokee ile nguvu?

Daktari aliyejifunga kwenye roketi

Sehemu ya jibu ilitoka kwa wanajeshi wa anga. John Stapp alikuwa daktari katika jeshi la anga la Marekani. Baada ya Vita Kuu ya Pili alipewa kazi ya kutafuta ni kwa kiasi gani mwili wa mtu unaweza kuvumilia kusimamishwa kwa ghafla. Walitengeneza kiti kwenye reli, nyuma yake wakaweka roketi, na mwisho wa reli breki kali sana. Stapp hakutaka kumtuma mtu mwingine kwanza. Alijifunga yeye mwenyewe.

Safari yake ya kwanza, mwezi Desemba 1947, aliifanya akiwa ametazama nyuma. Miaka saba baadaye, tarehe 10 Desemba 1954, alisafiri akiwa ametazama mbele kwa mwendo wa zaidi ya kilometa 1,000 kwa saa, akasimamishwa kwa sekunde moja na nusu hivi. Alipona, lakini macho yake yalijaa damu na kwa muda hakuona kitu. Kutokana na majaribio yake, Stapp alishauri kwamba hata abiria wa ndege wakalishwe wakitazama nyuma. Sababu yake ilikuwa rahisi: anayetazama nyuma, nguvu inamsukuma dhidi ya kiti, na kiti kinampokea kichwa, mgongo na kiuno kwa pamoja. Anayetazama mbele hushikwa na mikanda tu, na kichwa chake kinabaki kuning'inia kwenye shingo.

Mashirika ya ndege hayakupenda shauri hilo, kwa sababu abiria wanapenda kutazama wanakokwenda. Lakini wazo halikufa. Lilikwenda kusaidia watu wawili wasiofanana kabisa: rubani wa anga za mbali na mtoto mchanga.

Daktari wa Sweden na watu wa mwezini

Bertil Aldman alikuwa daktari wa Sweden aliyeingia katika utafiti wa ajali za barabarani, na baadaye akawa profesa katika chuo kikuu cha Chalmers, mjini Göteborg. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Marekani ilikuwa inatayarisha vyombo vya Gemini, vilivyotangulia safari za mwezini. Aldman aliona jinsi marubani wa Gemini walivyolazwa chali kwenye viti vilivyofuata umbo la miili yao, ili nguvu kubwa ya kupaa na ya kurudi duniani isambae mgongoni kote. Akajiuliza kwa nini mtoto ndani ya gari asifanyiwe hivyo. Gari linaloenda mbele likigonga, nguvu inatoka mbele. Basi mtoto apewe mgongo kuelekea huko.

Kiti chake cha mfano kilitengenezwa mwaka 1963 na 1964, na kampuni ya Volvo ikakijaribu mwaka 1964. Mwaka 1967 Volvo ilitoa kiti cha mbele kinachoweza kugeuzwa, ili mtoto akae akitazama nyuma. Mwaka 1972 ikaanza kuuza kiti kamili cha mtoto kinachotazama nyuma. Tangu mwaka 1970 kampuni hiyo ilikuwa na kikosi chake cha kwenda mahali pa ajali, kupima gari lililogongwa na kuandika nani aliumia wapi. Waganga, wahandisi na watu wa bima wa Sweden waliyasoma matokeo hayo pamoja. Ndiyo maana nchi hiyo ilishika mapema jambo ambalo nyingine zilichelewa kulikubali.

Shingo ambayo haijakomaa

Huku Kivu hakuna mama anayehitaji kuelezwa kwamba shingo ya mtoto mchanga ni dhaifu. Ukimpa mtu mtoto wa wiki mbili, unaweka mkono nyuma ya kichwa kabla hujamwachia. Mama husubiri shingo ikaze ndipo amuheke mtoto mgongoni wima. Akimuheka mapema, kitenge kinapandishwa hadi kishike kichwa.

Kilichojulikana na waganga ni kwamba udhaifu huo haumalizwi na siku ile mtoto anaposimamisha kichwa mwenyewe. Kichwa cha mtoto anayezaliwa ni kama robo ya urefu wa mwili wake wote, wakati kichwa cha mtu mzima ni sehemu moja ya saba au ya nane. Mtoto amebeba mzigo mkubwa juu ya shingo nyembamba. Mifupa ya shingo hiyo bado haijawa mifupa kamili. Kila pingili ina vipande vilivyounganishwa na sehemu laini, na vipande hivyo huendelea kushikana polepole kwa miaka kadhaa. Mishipa inayozifunga pingili nayo inalegea na kuvutika.

Hapo ndipo hatari ilipo. Maganga walipima zamani na kuona kwamba mfereji wa mifupa ya uti wa mgongo wa mtoto mchanga unaweza kuvutika hadi sentimeta 5 bila kukatika. Lakini uzi wa neva uliomo ndani, ule unaopeleka amri ya kupumua na kutembea, unakatika ukivutwa zaidi ya milimeta 6 hivi. Mtoto anaweza kutolewa kwenye gari bila mfupa uliovunjika na bila jeraha la nje, na bado uzi huo ukawa umeharibika.

Kiti kinachotazama nyuma kinafanya kazi ya ule mkono wa nyuma ya kichwa. Gari likigonga, kichwa, shingo na mgongo vinaingia pamoja ndani ya kiti. Hakuna kinachovutwa kuachana na kingine.

Mikono ya mama na hesabu ya saruji

Sasa lile swali la pili la nyanya: kwa nini mama asimpakate? Hakuna anayempenda mtoto kuliko yeye, na hakuna atakayemshika kwa nguvu zaidi.

Tuchukue gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa, mwendo wa kawaida mjini barabara ikiwa nzuri. Likigonga ukuta au lori, sehemu yake ya mbele inajikunja na gari linasimama ndani ya nafasi ya nusu meta hivi. Jambo hilo linachukua chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa muda huo mdogo, kila kilichomo ndani kinavutwa kwenda mbele kwa nguvu kama mara 20 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 5 anakuwa kama mzigo wa kilo 100. Mtoto wa kilo 10 anakuwa kama kilo 200, yaani mifuko minne ya saruji inayorushwa mara moja kutoka mikononi. Hata mbeba mizigo wa bandari ya Goma asingeweza kuizuia. Na mama mwenyewe, kama hakufunga mkanda, anaruka pia, na uzito wake unamkandamiza mtoto dhidi ya kilicho mbele.

Hesabu hiyo ni rahisi, lakini kuikubali kulikuwa kugumu. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha jimbo la Tennessee, huko Marekani. Robert Sanders, daktari wa watoto katika mji wa Murfreesboro, alichoka kuona watoto wakifa ndani ya magari kwa sababu inayoweza kuzuilika. Yeye na mkewe waliwafuata wabunge wa jimbo, mmoja baada ya mwingine, wakiwapigia simu mpaka nyumbani. Wapinzani walisema serikali haina ruhusa ya kumfundisha mzazi jinsi ya kumbeba mtoto wake, na kwamba viti ni ghali kwa maskini. Mwaka 1977 sheria ilipita, na tarehe 1 Januari 1978 ikaanza kutumika. Tennessee ikawa jimbo la kwanza la Marekani kulazimisha viti vya watoto.

Lakini ili sheria ipite, wabunge waliingiza ruhusa moja: mtoto aweza pia kupakatwa mikononi na mtu mzima. Sanders aliikataa kwa nguvu na akaiita ruhusa ya kuponda watoto. Aliendelea kukusanya habari za ajali ambamo mtoto aliyepakatwa alikufa, akazipeleka kwa wabunge wale wale. Mwaka 1981 ruhusa hiyo ikafutwa. Kufikia mwaka 1985 majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria ya viti vya watoto.

Mwaka huo huo wa 1981 serikali ya Marekani ilianza kudai kwamba kila kiti kinachouzwa kijaribiwe kwanza kwenye mgongano wa karibu kilometa 48 kwa saa. Kabla ya hapo, kanuni ya mwaka 1971 haikudai jaribio la namna hiyo, na viti vingi vilivyopendeza dukani vilikuwa havifai kitu barabarani.

Mwaka mmoja, miwili au minne?

Baada ya kukubaliana kwamba mtoto mchanga atazame nyuma, likabaki swali ambalo bado linagombanisha wazazi: mpaka lini?

Sweden ilijibu mapema. Wazazi wa huko walizoea kuwaacha watoto wakitazama nyuma mpaka miaka 3 au 4, na viti vyao vilitengenezwa vikubwa, vya kubeba mtoto wa kilo 18 na hata 25. Nchi hiyo ina hata jaribio lake, linaloitwa Plus, la kupima nguvu inayovuta shingo ya mtoto wakati wa mgongano, na viti vinavyopita humo ni vile vinavyotazama nyuma.

Marekani ilikwenda njia nyingine. Kwa miaka mingi kipimo kilichojulikana kilikuwa mwaka 1 na kilo 9. Siku ya kutimiza mwaka, wazazi waligeuza kiti kama sehemu ya sikukuu: mtoto amekua, sasa anaona barabara. Ulaya nayo, kanuni ya zamani iliruhusu kumgeuza mtoto akifika kilo 9, na mtoto aliyeshiba vizuri anaweza kufika hapo kabla hajatimiza mwaka. Mizani ikasema ameiva, lakini shingo yake haikupimwa na mizani.

Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilisahihisha polepole. Mwaka 2002 kilisema mwaka 1 na kilo 9 ndiyo chini kabisa, na kwamba kuendelea kutazama nyuma ni bora. Wazazi wengi walisikia sehemu ya kwanza tu. Mwezi Machi 2011 kikatamka wazi: mpaka miaka 2, au mpaka mtoto afike kimo na uzito wa mwisho wa kiti. Mwaka 2013 Ulaya ilianzisha kanuni mpya, iitwayo i-Size, inayodai mtoto atazame nyuma angalau hadi miezi 15. Majimbo kadhaa ya Marekani, kati yake New Jersey mwaka 2015 na California mwaka 2017, yaliingiza miaka 2 katika sheria.

Kisha likaja jambo ambalo lilihitaji ukweli. Shauri la mwaka 2011 liliegemea sana utafiti mmoja uliotangazwa mwaka 2007, uliosema kwamba mtoto wa mwaka mmoja anayetazama nyuma yuko salama mara tano kuliko anayetazama mbele. Miaka kumi hivi baadaye hesabu zake zilirudiwa na kuonekana zina makosa. Watoto walioumia katika takwimu hizo walikuwa wachache mno kuweza kutoa jibu la hakika kwa namba, na jarida lililoutangaza likauondoa.

Wapo waliosema basi habari yote ilikuwa uongo. Madaktari hawakusema hivyo, wala hawakujificha. Mwezi Agosti 2018 walitoa shauri jipya: waliondoa ile namba ya miaka 2, wakasema mtoto atazame nyuma kwa muda mrefu iwezekanavyo, mpaka afikie kipimo cha mwisho kilichoandikwa kwenye kiti chake. Namba ya utafiti ilianguka, lakini umbo la shingo halikubadilika, majaribio ya migongano hayakubadilika, wala miaka mingi ya Sweden haikufutika. Kwa viti vingi vya leo, shauri hilo linamfikisha mtoto miaka 2 na kupita.

Wazazi wana maswali mawili ambayo hayakosekani. La kwanza ni miguu: mtoto wa miaka 2 anayetazama nyuma hukunja miguu au huiweka juu ya kiti kilicho mbele yake, na mzazi anahofia itavunjika. Watoto hukaa hivyo bila taabu, hata chini kwenye mkeka. Na mguu ukivunjika hufungwa ukapona, lakini uti wa shingo hauna bendeji. La pili: je, gari likigongwa kutoka nyuma? Hutokea, lakini mara nyingi magari hayo mawili yanaelekea upande mmoja, na nguvu ya mgongano huwa ndogo. Migongano mikali zaidi ni ile ya mbele, gari kwa gari au gari na mti.

Kosa lililotokana na ulinzi mwingine

Historia hii ina sura moja chungu. Katika miaka ya 1990 magari mengi yalianza kuwekewa mfuko wa hewa upande wa abiria wa mbele, mfuko unaojaa kwa kishindo gari linapogonga. Ulibuniwa kumwokoa mtu mzima. Lakini kiti cha mtoto kinachotazama nyuma, kikiwekwa mbele, kinakuwa karibu kabisa na mfuko huo. Unapolipuka, unapiga mgongo wa kiti mahali pale pale kilipo kichwa cha mtoto. Watoto wachanga walikufa Marekani katika ajali ndogo ambazo wakubwa walitoka wakitembea.

Tangu hapo magari yanabandikwa picha ya onyo kwenye kizuia jua cha mbele: kiti cha mtoto kilichokatwa kwa mstari mwekundu. Picha hiyo imo pia kwenye magari mengi yaliyotumika yanayofika Goma na Bukavu, ingawa wengi hawaiangalii. Maana yake ni moja: kiti kinachotazama nyuma hakiwekwi mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mahali pake ni nyuma.

Kwa jamaa zilizo ng'ambo na zilizo huku

Kwa Wakongomani, habari hii iliingia nyumbani pamoja na safari za wakimbizi. Mwaka wa bajeti 2016 Wakongomani walikuwa wa kwanza kwa wingi kati ya wakimbizi wote waliopokelewa Marekani, zaidi ya 16,000. Wengi walikuwa wametoka Kivu na kukaa miaka mingi kambini. Wamama walioheka watoto wao kutoka Masisi au Fizi hadi ng'ambo ya mpaka walijikuta mbele ya mlango wa hospitali wakiulizwa: kiti cha mtoto kiko wapi? Hospitali nyingi huko huangalia kama jamaa ina kiti kabla mtoto mchanga hajapelekwa nyumbani kwa gari. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani ilisimamisha mpango huo wa kupokea wakimbizi, na jamaa nyingi zikabaki zinangoja. Lakini waliokwisha kufika wanaendelea kuzaa na kulea huko, na nyanya wanaendelea kuuliza kwa simu.

Jibu la kumpa nyanya ni fupi: mtoto hajaadhibiwa, ameshikwa shingo. Na mzazi aliye huko asione haya mtoto wake wa miaka 2 akiwa bado anatazama nyuma wakati wa jirani amegeuzwa. Kipimo kimeandikwa kwenye kiti chenyewe, kwa kilo na kwa kimo. Asikubali kiti cha zawadi ambacho hakijui kilikotoka, kwa maana kiti kilichokwisha kuwa ndani ya ajali kinaweza kuwa na ufa usioonekana. Kuna hospitali, mashirika na vituo huko vinavyosaidia jamaa kupata kiti na kuonyesha jinsi kinavyofungwa. Kuuliza hakulipishwi.

Kwa walio huku, ni uongo kusema kwamba kila jamaa itapata kiti. Jamaa iliyolala chini ya turubai Bulengo au Kanyaruchinya, kisha ikalazimika kuhama tena, haikuwa inatafuta kiti cha gari. Watoto wengi wa Kivu wanasafiri mgongoni mwa mama juu ya pikipiki, au kwenye lori lililojaa magunia. Hakuna kiti kilichobuniwa kwa safari hiyo.

Hata hivyo yapo yaliyofundishwa na historia hii ambayo hayanunuliwi. Mwenye gari lenye mikanda, mama akae kiti cha nyuma na mtoto, na mama afunge mkanda wake kwanza, ili asimkandamize mtoto kwa uzito wake. Mkanda mmoja usizungushwe kwa mama na mtoto pamoja, kwa sababu mwili wa mama utamsukuma mtoto ndani ya mkanda. Mtoto asipakatwe mbele karibu na dereva. Kwenye pikipiki, mtoto asikalishwe mbele ya motari juu ya tangi, maana hapo hana kitu kati yake na kinachogongwa.

Na kubwa kuliko yote ni mwendo. Nguvu ya kugonga haipungui sawasawa na mwendo, inapungua zaidi. Dereva akishuka kutoka kilometa 60 hadi 30 kwa saa, nguvu inayobaki ni robo tu ya ile ya kwanza. Mama anayemwambia motari apunguze mwendo kwa sababu ana mtoto mgongoni hamsumbui mtu. Sanders alihitaji miaka kadhaa kuwafanya wabunge wa Tennessee waelewe jambo hilo hilo, na yeye alikuwa na vitabu na namba. Mama huyo ana mtoto, na barabara anaiona mbele yake.